CHEMBE MOJA INAKUWA MBILI
Somo kwa wamama: namna mwili unavyokua, unavyopona na unavyozaa



Kila siku ya kupima watoto tunaweka mtoto kwenye mizani, tunaandika kilo katika fishi, tunamrudishia mama. Mama anauliza: "Ameongezeka?" Tunajibu: "Ndiyo, gramu 400." Mama anafurahi, anamfunga mtoto mgongoni, anaenda. Lakini ni wachache wanaouliza: zile gramu 400 zimetoka wapi? Nani amezijenga?

Leo tutajibu ulizo hilo. Utaona kwamba mtoto anayekua, kidonda kinachopona na mimba inayokomaa vinasimama juu ya kazi moja ya mwili. Kazi hiyo mama anaweza kuisaidia, ao anaweza kuizuia bila kujua. Hata muuguzi anaweza kuizuia. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

KIDONDA KILICHOKATAA KUPONA

Zamani, nilipokuwa ningali muuguzi kijana, mama mmoja alileta mtoto wake wa miaka miwili. Sufuria ya maji ya moto ilimwangukia, akaungua mguu. Kila siku ya pili nilimbadilishia pansema. Nilisafisha vizuri, nilifunga vizuri, usaha haukuwako. Lakini juma la kwanza likapita, na la pili, na la tatu, na kidonda kikabaki vilevile: chekundu, chenye kung'aa, bila ngozi mpya pembeni.

Siku moja yule mama akaniambia kwa sauti ya chini: "Mama infirmie, hii kidonda inakatala kupona. Kwetu banasema balimuloga mutoto."

Sikujua la kumjibu. Muuguzi mmoja mzee alikuwa karibu, akasikia. Aliniuliza neno moja tu: "Mtoto ana kilo ngapi?"

Niliona haya. Kwa majuma matatu nilitazama mguu, sikumtazama mtoto. Tulimweka kwenye mizani: kilo 8 na nusu, na sehemu ya kilo hizo ilikuwa maji tu. Yule mzee alibonyeza kidole gumba juu ya mguu mzima, ule usioungua, akahesabu mpaka tatu, akaondoa kidole. Shimo likabaki. Akabonyeza mguu wa pili juu kidogo ya kidonda, shimo likabaki vilevile. Ilikuwa bwaki.

Tukamwuliza mama: mtoto anakula nini? Alikuwa amepata mimba nyingine, na watu walimwambia maziwa ya mama mwenye mimba ni sumu. Basi alimwachisha mtoto ziwa siku moja, na tangu hapo mtoto alikula bugali ya muhogo na supu ya sombe. Mama hakuwa mvivu wala mbaya. Hakuna mtu aliyemweleza kitu.

Kwa nini kidonda cha mguu kimengoja chakula cha tumbo? Ili tufahamu, tuanze mwanzo.

1. MWILI UMEJENGWA NA NINI?

Nyumba ya matofali, ukiitazama toka mbali, ni ukuta mmoja. Ukikaribia, unaona tofali kwa tofali. Mwili ni vile vile. Ngozi, damu, mfupa, tumbo, ubongo, vyote vimejengwa na vipande vidogo vilivyo hai. Tunaviita chembe hai. Watoto wa shule wanasema seli. Ni vidogo sana hata jicho peke yake haliwezi kuviona. Ukipanga chembe za kawaida kwa mstari, 50 hivi zinaenea katika milimeta moja. Tunaziona kwa mikroskopi, ile mashini ambayo fundi wa laboratware anatazamia damu yako kutafuta malaria.

Lakini kuna tofauti kubwa na nyumba. Mjenzi analeta tofali toka nje. Mwili haununui chembe popote. Kila chembe inazaliwa na chembe nyingine. Mwaka 1855 munganga mmoja wa Ujerumani, Rudolf Virchow, alilifundisha neno hilo waziwazi, na mpaka leo linasimama: chembe inatoka katika chembe.

2. NAMNA CHEMBE INAVYOJIGAWA

Ndani ya chembe kuna kiini, na ndani ya kiini kuna nyuzi nyembamba sana zinazoitwa kromozomu. Katika chembe ya mtu nyuzi hizo ni 46. Juu yake kumeandikwa maagizo yote ya mwili: namna ya kufanya ngozi, damu, jicho, nywele.

Waza fundi wa kushona nguo. Ana patroni ya karatasi anayokatia nguo. Kama anataka kumpa mwanafunzi wake kazi ileile, hakati patroni vipande viwili, kwa kuwa nusu ya patroni haifai kitu. Anaichora tena nzima, halafu kila mmoja anakuwa na yake.

Chembe inafanya hivi:

– Kwanza inakula na kunenepa.
– Pili inaandika upya nyuzi zake zote 46, hata kila uzi unakuwa na mwenzake.
– Tatu inapanga nyuzi hizo katikati, kisha inazivuta: wenzake huku, wenzake kule.
– Nne inajibana kiunoni, kama unavyobana donge la mandazi mkononi mpaka linatoka madonge mawili.

Sasa chembe ni mbili, na kila moja ina nyuzi zake 46 kamili. Chembe ya mtu inayojigawa upesi inatumia siku moja hivi kwa kazi yote, na saa nyingi zinaenda kwa kula na kuandika, si kwa kutengana.

Moja inakuwa mbili, mbili nne, nne nane. Ukihesabu mara kumi tu, umefika 1,024.

Lakini ngoja, mama. Donge moja la mandazi ukiligawa mara kumi, utapata vipande vidogo kama mchanga. Ili madonge yote yawe makubwa kama lile la kwanza, lazima unga uongezwe. Unga huo unatoka wapi? Unatoka katika chakula. Hakuna fasi nyingine.

Vyakula vya kujenga ni maharagi, karanga, soya, samaki, sambaza, mayai, nyama, maziwa. Majani mabichi kama lengalenga na sombe yanaleta vitu vidogo vinavyosaidia kuandika nyuzi upya, na mafuta ya mawese mekundu yanaleta vitamini A ambayo ngozi inaitaka. Bugali inatoa nguvu ya kazi, nayo inatakiwa. Lakini bugali ya muhogo peke yake ni moto bila unga: jiko linawaka, na hakuna cha kupika.

Basi sasa unafahamu ule mguu. Chembe za pembeni ya kidonda zilikuwa na maagizo. Zilijua kazi yao. Hazikuwa na cha kujengea. Hapakuwa na mchawi. Palikuwa na sahani isiyo na maharagi, na muuguzi asiyeuliza.

3. KAZI YA KWANZA: KUKUA

Mtoto anayezaliwa na kilo 3, kama anaendelea vizuri, anafika kilo 6 katika mwezi wa tano hivi, na kilo 9 anapotimiza mwaka. Hakuna wakati mwingine baada ya kuzaliwa ambapo mtu anakua upesi hivi. Karibu na ncha za mifupa yake mirefu kuna chembe zinazojigawa mchana na usiku, ndizo zinazorefusha mguu na mkono. Njaa ikija, ao ugonjwa wa mara kwa mara, chembe hizo zinapunguza kazi. Mwili unasema: kwanza tuishi, kurefuka tutaona kesho. Kama kesho hiyo inakawia sana, mtoto anabaki mfupi.

Ubongo una desturi yake. Chembe nyingi za ubongo zimekwisha kufanyika kabla ya kuzaliwa. Baadaye zinanenepa, zinatoa matawi, zinaungana. Mtoto akifika miaka miwili, ubongo wake una karibu sehemu nne kati ya tano za ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Kwa hiyo tunasumbua sana wamama juu ya mimba na ile miaka miwili ya kwanza. Si kelele za bure.

Fanya hivi:

– Mpe maziwa yako peke yake mpaka miezi 6, bila maji, bila uji.
– Toka miezi 6 ongeza uji mzito wa mahindi, soya na mtama, na chakula kilichopondwa, na uendelee kumnyonyesha mpaka miaka 2 na zaidi.
– Ukipata mimba wakati unanyonyesha, maziwa yako si sumu. Usimkate mtoto siku moja. Njoo kwenye kilinika tuzungumze, na wewe mwenyewe ule zaidi.
– Baada ya kuzaa, ngoja angalau miaka 2 kabla ya kupata mimba nyingine. Uliza kilinika njia inayokufaa, na umlete baba naye asikie.

Usitazame fishi kama karatasi ya kupatia shindano tu. Mstari ukipanda, chembe zinajigawa. Mstari ukilala miezi miwili, usingoje mwezi wa tatu.

4. KAZI YA PILI: KUPONA

Umejikata kidole kwa kisu. Damu inatoka, kisha inaganda na kufunga mlango. Halafu kidole kinavimba kidogo na kuwa moto: askari wa damu wamefika kufagia uchafu na vijidudu. Baada ya siku chache chembe za chini zinaanza kujigawa na kujaza shimo. Nyama hiyo mpya ni nyekundu na inatoka damu upesi. Mwisho chembe za ngozi zinatambaa toka pembeni, zikijigawa, mpaka zinakutana katikati. Zikikutana, zinasimama. Kidonda kimefungwa, lakini ngozi ile bado ni dhaifu na itakaza kwa miezi mingi.

Tazama: ni chembe zako zinazoponyesha. Munganga haponyeshi kidonda. Sisi tunakilinda tu, ili chembe zifanye kazi yake. Ndiyo sababu tunakukataza kutia majivu, mavi ya ng'ombe, udongo ao dawa ya meno juu ya kidonda. Vitu hivi vinachoma chembe changa, na vingine vinaleta tetanosi. Kitovu cha mtoto mchanga nacho ni kidonda. Kiache kisafi na kikavu, ao tia tu dawa uliyopewa na mzalishaji.

Mtoto akiungua, mwaga maji safi ya baridi juu ya mahali palipoungua kwa dakika 20. Usipake mafuta, usipasue malengelenge. Funika kwa nguo safi, umlete.

Kuna vidonda ambavyo huvioni. Ngozi ya ndani ya matumbo inabadilika yote katika siku 3 mpaka 5 hivi. Mtoto akiharisha, ngozi hiyo inaharibika na inapashwa kujengwa upya. Kwa hiyo pamoja na maji ya SRO tunampa vidonge vya zinki siku 10 mpaka 14, hata kama kuharisha kumekwisha kukoma: mtoto wa miezi 6 na zaidi miligramu 20 kila siku, yule wa chini ya miezi 6 miligramu 10. Wamama wengi wanasema: "Kuhara kumeisha, nimeacha dawa." Hapana, mama. Kuhara kumeisha, lakini kujenga hakujaisha. Na usimnyime chakula.

Damu vilevile. Chembe nyekundu ya damu inaishi siku 120 hivi, kisha inakufa, na nyingine inazaliwa ndani ya mifupa. Malaria inapasua chembe hizo nyingi kwa mara moja. Homa ikipoa, mtoto anabaki na viganja vyeupe. Hapo anahitaji chakula, na dawa ya damu kama munganga ameagiza.

Na wewe, mama, ukizaa, mahali ambapo kondo la nyuma lilikuwa pameshikamana panabaki kidonda kikubwa ndani ya tumbo la uzazi. Kinatumia majuma 6 hivi kupona. Mama aliyezaa jana anayepelekwa shamba leo anatembea na kidonda. Baba anayesoma somo hili asikie pia.

5. KAZI YA TATU: KUZAA

Hapa mwili unabadilisha desturi. Kama yai la mama lingekuwa na nyuzi 46 na mbegu ya baba 46, mtoto angekuwa na 92, na hangeweza kuishi. Kwa hiyo chembe zinazofanya yai na mbegu zinajigawa kwa namna nyingine, na mwishoni kila moja inabaki na nyuzi 23 tu. Yai na mbegu vikiungana, 23 na 23, tunarudi kwenye 46. Nusu ya mama, nusu ya baba. Ndiyo sababu mtoto anaweza kuwa na pua ya baba na miguu ya bibi.

Kati ya nyuzi hizo kuna mbili zinazoamua kama mtoto ni wa kiume ao wa kike. Mwanamke ana X na X, kwa hiyo yai lake linatoa X siku zote. Mwanaume ana X na Y. Mbegu yake ikileta X, mtoto ni msichana. Ikileta Y, mtoto ni mvulana.

Soma tena maneno hayo, mama, na uyachukue nyumbani. Wamama wangapi wamekuja hapa na macho mekundu kwa sababu wamezaa wasichana watano, na ukoo wa mume unasema, "Huyu hana tumbo la wavulana, tutafute mwingine"? Uzi wa mvulana hautoki kwa mama hata kidogo. Na baba naye hachagui. Hakuna wa kulaumiwa, na msichana si kosa.

Yai lililopokea mbegu ni chembe moja tu, kama nukta ndogo ya kalamu. Katika siku ya kwanza ao ya pili linakuwa mbili. Siku ya tatu ni chembe nane hivi. Zinatembea polepole katika mrija mpaka tumbo la uzazi, na katika juma la pili zinashikamana nalo. Mara nyingine kifungu hicho kinajitenga kuwa viwili: hao ni mapacha wanaofanana. Mara nyingine mama anatoa mayai mawili, na kila moja linapata mbegu yake: hao ni mapacha wasiofanana. Wote ni watoto kama wengine.

Kabla ya siku ya 28 tangu yai lipokee mbegu, mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo unapashwa kufungwa. Wakati huo mama wengi hawajajua hata kama wana mimba! Kama asidi foliki imekosekana, hatari inaongezeka kwamba mfereji utabaki wazi, na mtoto atazaliwa na mgongo wazi. Basi usingoje tumbo lionekane. Kama unatamani mimba, njoo uulize vidonge vya asidi foliki mapema. Na siku ukikosa hezi, njoo uanze vidonge vya feri na asidi foliki, kila siku. Feri inafanya mavi kuwa meusi na inaweza kuuma tumbo kidogo. Hiyo si sumu. Meza baada ya kula.

6. CHEMBE INAYOKATAA KUSIMAMA

Tulisema chembe za ngozi zikikutana, zinasimama. Mara nyingine chembe moja inaharibika katika maagizo yake, inajigawa bila kusimama, na watoto wake vilevile. Hiyo ndiyo kansa. Ukiona donge katika ziwa, ao damu inayotoka katikati ya hezi, ao baada ya kulala na mume, ao baada ya hezi kukoma kwa umri, usifiche kwa haya. Si kila donge ni kansa. Lakini ile inayoonekana mapema inatibika vizuri zaidi kuliko ile iliyofichwa mwaka mzima.

SHIKA HAYA

– Mwili unajijenga: chembe moja inakuwa mbili.
– Chembe inataka vitu vitatu: chakula cha kujenga, usafi, na wakati.
– Kidonda kisichopona kinaomba tumpime mtoto mzima.
– Mtoto wa kiume ao wa kike hatokani na kosa la mama.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Kwa nini donge la mandazi haliwezi kugawanyika mara kumi bila kuongeza unga?
2. Jana mtoto wako alikula nini cha kujenga? Leo utaongeza nini?
3. Jirani anataka kutia majivu kwenye kitovu cha mtoto wake. Utamwambia nini bila kumwaibisha?
4. Kwa nini tunaendelea na zinki wakati kuhara kumekoma?

Na yule mtoto? Tulimweka kitandani, tukampa maziwa ya dawa kidogo kidogo, mchana na usiku. Kilo zikashuka kwanza, na mama akaogopa. Ni maji ya uvimbe yaliyokuwa yanatoka. Kisha zikaanza kupanda. Tukaongeza uji wa soya, na sambaza zilizosagwa. Asubuhi moja nilipofungua pansema, niliona pembeni ya kidonda mstari mwembamba, wa rangi ya waridi, mwembamba kama uzi. Nikamwita mama aone. Alitazama muda mrefu, akasema: "Kumbe ilikuwa njaa." Mimi nikasema: "Na mimi sikumpima. Unisamehe."

Tangu siku hiyo sifungui pansema ya mtoto kabla ya kumweka kwenye mizani. Nawe, ukija kwetu na kidonda, ao homa, ao kikohozi cha mtoto, na muuguzi akasahau, umwambie bila kuogopa: "Mama infirmie, umupime kwanza."